Ruzuku za Sanaa: Fedha za Wakfu na Msanii Chipukizi wa Ng'ambo ya Likoni

Ruzuku ya sanaa ni fedha anazopewa msanii ili afanye kazi fulani, na hatakiwi kuzirudisha. Hutofautiana na mkopo kwa kuwa haina marejesho, na hutofautiana na tuzo kwa kuwa tuzo hutolewa kazi ikishakamilika, ilhali ruzuku huitangulia kazi. Tofauti hii ya pili ndiyo yenye uzito kwa mtu anayeanza. Kijana mchoraji anayekaa Timbwani, huko Likoni ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, karibu na ufuo wa Shelly Beach, mara nyingi hana picha za kuonyesha kwa sababu hana rangi, hana kitambaa cha kuchorea, wala hana wiki moja ya kukaa akachora bila kutoka asubuhi kutafuta kibarua. Anachonunuliwa na ruzuku, kabla ya kitu kingine chochote, ni muda.

Watoaji wakuu wa fedha hizi ni mashirika yanayoitwa wakfu. Mtu au familia tajiri hutenga mali, mali hiyo ikawekezwa, na faida yake ndiyo inayogawiwa mwaka baada ya mwaka. Watu wa Mombasa wanaujua mpango huo hata kama hawajawahi kuomba ruzuku: msikiti wenye maduka yake huendeshwa kwa kodi ya maduka hayo, na maduka yenyewe hayauzwi. Wakfu wa Ford, ulioanzishwa Marekani mwaka 1936 na familia ya watengenezaji magari, umekuwa na ofisi Nairobi tangu 1963, na kwa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa watoaji wakubwa wa fedha za sanaa Afrika Mashariki. Si kila wakfu hutegemea mali ya tajiri mmoja. Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi, ulioanza mwaka 1996, umeendeshwa kwa kiasi kikubwa na fedha za serikali ya nchi hiyo. Wakfu wa DOEN, wa Uholanzi vilevile, hulishwa na bahati nasibu, kwa hiyo Mholanzi anayenunua tiketi yake akitumaini kushinda nyumba huwa amechangia, bila kujua, warsha ya wasanii mahali fulani Afrika.

Kati ya wakfu wa ng'ambo na msanii husimama mashirika ya kati, na haya ndiyo ambayo kijana wa Likoni hukutana nayo kwanza. Nairobi kuna HEVA, iliyoanza mwaka 2013, ambayo hupokea fedha za wakubwa na kuzigawa kwa mafungu madogo kwa wabunifu wa mitindo, wanamuziki na watengenezaji filamu, nyingine kama ruzuku na nyingine kama mikopo. Kuna Docubox, iliyoasisiwa na mwongozaji filamu Judy Kibinge, inayoshughulikia filamu za hali halisi. Mombasa yenyewe ina Swahilipot Hub, iliyoanza mwaka 2016 katika Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, ambapo wachoraji, washairi wa jukwaani, wanamuziki na vijana wa kompyuta hutumia paa moja. Mashirika ya kati hayasifiwi sana, pengine kwa sababu hukata sehemu ya fedha kwa gharama za ofisi. Lakini wakfu wenye makao New York au Amsterdam hauwezi kumjua mpiga marimba wa Mtongwe. Lazima awepo mtu aliyewahi kumsikia akipiga.

Ufadhili wa sanaa Pwani haukuletwa na mashirika haya. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akawa mmoja wa watu walioupandikiza muziki uliokuja kuitwa taarabu. Ukiutazama vizuri, huo ulikuwa ufadhili wa masomo kamili: nauli, mwalimu, na sharti la kurudi kuufanyia kazi ujuzi nyumbani. Kwa mtu wa kawaida ufadhili ulipita harusini. Mwimbaji alitunzwa noti moja moja mbele ya watu, na bwana harusi aligharimia kundi zima kwa usiku mzima. Mfumo huo ungali hai, na una sifa moja ambayo wakfu hauna: hakuna fomu ya kujaza. Udhaifu wake ni kwamba hulipa kile ambacho hadhira tayari inakipenda. Anayetaka kujaribu jambo ambalo harusi haijawahi kulisikia hutoka mikono mitupu.

Ufuoni kusini mwa kivuko, mfadhili mwingine mkubwa alikuwa hoteli. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya sarakasi, wacheza ngoma na wachonga vinyago wa Likoni na Diani walitegemea watalii, na mahoteli yaliwalipa kwa onyesho la jioni. Kisha zikaja ghasia za Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa na maelfu wakakimbia makwao, na watalii wakaacha kuja. Mapato ya wasanii yalikauka pamoja na ya wahudumu na madereva. Hali ilirudi polepole na kukwama tena mara kadhaa baadaye, hasa mwaka 2020 wakati wa korona. Mwenye kulipwa na mtalii huishi kwa habari za usalama na za afya, na hilo ni sababu mojawapo ya ruzuku kupata uzito ambao haikuwa nao zamani.

Upande wa bara wa Mombasa una pia mifano miwili ya kujitegemea ambayo hutajwa mara chache katika mijadala ya ruzuku. Changamwe, karibu na njia ya uwanja wa ndege, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba uliosajiliwa mwaka 1963, ambapo mchongaji huchonga chini ya kibanda cha ushirika na bidhaa zake huuzwa katika duka la pamoja. Kisauni kuna karakana za Bombolulu, zilizoanza mwaka 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, zinazotengeneza mapambo, vitambaa na vinyago. Zote mbili zimewalisha mafundi wengi kwa muda mrefu kuliko ruzuku yoyote. Zilichoshindwa kukifanya ni kuwalipa watu ili wabuni kitu kipya, maana duka linahitaji twiga yule yule aliyenunuliwa mwaka jana.

Fedha za wakfu nazo zina historia isiyo safi, na Afrika Mashariki iliionja mapema. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, katika kongamano lililogharimiwa na shirika la Congress for Cultural Freedom. Mwaka uliofuata mwandishi wa Afrika Kusini, Es'kia Mphahlele, alifungua Nairobi kituo cha sanaa cha Chemchemi kwa msaada wa shirika hilohilo, na vijana wakapata jukwaa la michezo ya kuigiza, madarasa ya uandishi na ukumbi wa maonyesho ya picha. Mnamo 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba fedha za shirika hilo zilitoka CIA, zikipitishwa kwenye wakfu kama ule wa Farfield. Wengi wa wasanii waliozipokea hawakujua. Kazi zao hazikuwa propaganda, na baadhi ya waliopita Makerere na Chemchemi wakawa waandishi na wasanii wa maana sana. Hata hivyo kuna jambo ambalo fedha hizo ziliamua kimyakimya: kongamano la Makerere lilikuwa la waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki wakati huo, hakualikwa kwa kuwa aliandika Kiswahili. Mwezi uleule akafariki dunia.

Suala la lugha halijaisha. Wakfu wa Miles Morland wa Uingereza hutoa ufadhili wa mwaka mmoja kwa waandishi wa Kiafrika, na umekuwa ukitoa pauni 18,000 ili mtu aache shughuli nyingine aandike kitabu. Humtaka mwandishi apeleke maneno 10,000 kila mwezi, sharti zuri linalomzuia kulala. Lakini kitabu lazima kiwe cha Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili kilichopo ni tuzo iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, inayodhaminiwa na kampuni ya mabati pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Mwaka 2015, katika awamu yake ya kwanza, Anna Samwel Manyanza na Mohammed Ghassani walikuwa miongoni mwa washindi, mmoja kwa riwaya na mwingine kwa ushairi. Ni tuzo ya heshima na imetoa vitabu vizuri. Ila hulipa mswada uliokwisha kuandikwa. Mshairi wa Likoni anayetunga kwa lahaja ya Kimvita hupata fedha akishamaliza, wakati mwenzake anayeandika Kiingereza anaweza kuzipata kabla ya kuanza. Pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye orodha za fursa, na hakuna warsha ya kufundisha kujaza fomu itakayoliziba.

Filamu ina hali tofauti, kwa sababu hakuna anayetarajia mtu atengeneze filamu kwa fedha zake mwenyewe. Filamu ya hali halisi hudai miaka: kamera, nauli, umeme, mhariri, tafsiri za maandishi ya chini. Ruzuku za Docubox hugawanywa kwa hatua, nyingine za kuendeleza wazo, nyingine za kupiga picha, nyingine za kuhariri, na kila hatua huwa na walimu. Filamu mbili kati ya zilizosaidiwa kwa njia hiyo zinahusu Pwani. *New Moon* ya Philippa Ndisi-Herrmann ilianza kama filamu ya bandari mpya ya Lamu, ikageuka kuwa safari ya mtengenezaji mwenyewe kuingia Uislamu. *The Letter* ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 2019, inamfuata kijana anayetoka Mombasa kwenda kwa nyanya yake Kilifi baada ya nyanya huyo kutuhumiwa uchawi. Kenya iliiteua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Filamu kama *New Moon*, iliyobadilisha mada katikati ya safari, ingekufa mikononi mwa mfadhili mkali wa kutaka kila kilichoandikwa kwenye ombi kitimizwe neno kwa neno. Huo ni mfano mzuri wa ruzuku inayoelewa sanaa inavyofanyika.

Muziki na ngoma ndizo zinazopata shida zaidi, na sababu yake ni ya kimuundo. Ruzuku nyingi za chipukizi humlenga mtu mmoja mwenye jina lake na picha yake. Prince Claus, kwa mfano, kuanzia mwaka 2021 umekuwa ukitoa kile unachokiita tuzo za kuanzia, za euro 5,000 kwa wasanii 100 kila mwaka, walio katika miaka yao mitano ya kwanza ya kazi, na mpokeaji huzitumia apendavyo. Kwa mchoraji au mpiga picha mpango huo unafaa kabisa. Sengenya ya Wadigo haifai kuombewa hivyo. Ina wapiga ngoma, mpiga zumari, waimbaji na wachezaji, na hakuna anayeweza kusema kazi ni yake. Taarabu ni kundi, sarakasi ni kundi. Sanaa ya Pwani kwa sehemu kubwa hufanywa na vikundi, ilhali fomu huuliza jina la mwombaji kwa umoja.

Kikundi kikitaka kuomba kama kikundi, lazima kwanza kiwe na uhai wa kisheria. Nchini Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 hudai angalau wanachama kumi, katiba, viongozi waliochaguliwa na cheti cha usajili. Kisha huja akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, namba ya mlipa kodi ya KRA, na mara nyingi hesabu za miaka miwili iliyopita. Kundi lililokuwa likigawana malipo ya hoteli palepale nje ya lango, noti kwa noti, halina hesabu za miaka miwili, na hilo halina maana kwamba lilikuwa na wizi. Baadaye ndipo huja andiko la mradi, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza: lengo, hatua, ratiba, bajeti, walengwa, na jinsi mafanikio yatakavyopimwa. Hapo ndipo vipaji vingi huishia. Anayeshinda si lazima awe msanii bora. Mara nyingi ni yule anayesomeka vizuri zaidi machoni pa mtu asiyemjua. Hali hii imezaa Mombasa, kama kwingineko, kazi ya mwandishi wa maandiko anayelipwa asilimia ombi likikubaliwa. Baadhi ya wakfu hukataza malipo ya namna hiyo, na msanii asiyejua huweza kupoteza fedha zote kwa kosa la msaidizi wake.

Zipo njia za kupunguza mzigo huo na baadhi ya wafadhili wameanza kuzitumia. Kuna wanaopokea ombi kwa sauti au video iliyorekodiwa kwa simu, na wanaolipa ruzuku ndogo ya kwanza kwa kuangalia kazi tu, kisha kubwa baada ya mwaka. Kuna pia shirika la kati kukubali kuwa mwenyeji wa fedha, yaani ruzuku ikapita kwenye akaunti yake kwa niaba ya kikundi kisicho na usajili. Njia hii ya mwisho hufaa sana kwa vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe, mradi makubaliano ya mgao yaandikwe mapema na si baada ya hela kuingia.

Jiografia nayo ina gharama zake. Mikutano ya kuwaeleza wasanii kuhusu fursa hufanyika Nairobi, na ya Mombasa hufanyika kisiwani. Anayetoka Shelly Beach huvuka na feri. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, lakini foleni ya asubuhi na jioni hula saa, na mkutano unaoanza saa tatu kisha ukaahirishwa hadi alasiri umemgharimu siku ya kazi. Hilo ni dogo likilinganishwa na hatari ya sarafu. Ruzuku huahidiwa kwa dola au euro na bajeti huandikwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160; kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Kikundi kilichopanga matumizi ya dola 10,000 kwa kiwango cha Januari kilijikuta kimepungukiwa na takriban laki tatu bila mtu yeyote kukosea. Bajeti yenye busara huacha nafasi kwa tukio kama hilo, na mfadhili mwenye busara huikubali nafasi hiyo bila kuiita ulegevu.

Ombi likikubaliwa hutiwa saini mkataba, na hapa ndipo msanii mchanga hupaswa kusoma polepole. Mambo matatu huhitaji jicho. La kwanza ni umiliki: mkataba wa haki huacha hakimiliki kwa msanii na kumpa mfadhili ruhusa ya kutumia picha au vipande kwa ajili ya kujitangaza tu. La pili ni awamu za malipo, kwa kuwa fedha nyingi hutolewa kwa vipande, sehemu kubwa mwanzoni na iliyobaki ripoti ikishapokewa. Msanii asiyeweza kusubiri awamu ya mwisho humaliza kazi kwa deni. La tatu ni stakabadhi. Fundi seremala wa Bofu aliyetengeneza jukwaa huenda hana risiti ya kuchapishwa, lakini ujumbe wa M-Pesa pamoja na karatasi iliyotiwa saini hukubaliwa na wakfu wengi, ikiwa msanii aliuliza mapema.

Swali la ni nani hasa aitwe chipukizi nalo huamua mengi. Fursa nyingi za vijana Kenya hufuata tafsiri ya katiba ya mwaka 2010, inayomhesabu kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35. Kwa sanaa kipimo hicho kina kasoro. Mwanamke wa Shika Adabu aliyelea watoto hadi wakakua, kisha akaanza kuchora akiwa na miaka arobaini na miwili, ni chipukizi kwa kila hali isipokuwa cheti cha kuzaliwa. Wanaohesabu miaka ya kazi badala ya umri wanamtendea haki zaidi.

Tatizo gumu kuliko yote huja ruzuku inapokwisha. Mfadhili hubadilisha vipaumbele vyake kila miaka michache, kutoka utawala bora hadi mazingira hadi ajira za kidijitali, na taasisi zilizojengwa juu ya fedha zake hutikisika. Zanzibar imeliona hilo mara mbili wazi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuwa jukwaa la kwanza la kimataifa kwa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka 2017. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002 na kufundisha kizazi kipya kupiga kanuni, udi na fidla katika jengo la zamani la forodha, kilitangaza mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga milango kwa sababu wafadhili wamepungua. Wanafunzi wake wakati huo walikuwa tayari wanapiga muziki majuu. Ubora wa kazi haukuwalinda.

Serikali zingeweza kuwa mfadhili asiyehama, na kwa maandishi zimekubali: kifungu cha 11 cha katiba ya Kenya kinaitaka dola ikuze sanaa. Tanzania iliunda mfuko wa utamaduni mwaka 1998 kwa msaada wa Sweden, ukadorora fedha za nje zilipokwisha, na uliporudi kama Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ulijikita katika mikopo yenye masharti nafuu. Kenya ina tume ya filamu, na ina mifuko ya vijana ambayo nayo hukopesha zaidi ya kutoa. Mkopo unamfaa mwenye studio inayoingiza fedha kila wiki, au mshona nguo mwenye oda. Kwa mtu anayejaribu jambo ambalo bado halina mnunuzi, mkopo humlazimisha arudi kwenye kile kinachouzika kabla hajajua anachokitafuta, na ndiyo maana kikundi cha Likoni kinachotaka kutunga mchezo mpya wa jukwaani, badala ya kuigiza tena ule wa hoteli, kingali hakina pa kwenda ndani ya nchi isipokuwa kwa wakfu wa ng'ambo na mashirika machache yanayozipokea fedha zake.